Yatima wa Hati

Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mapadri wawili Wafaransa, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na msaidizi wao Mbelgiji, d'Hoop, aliyewahi kuwa askari wa Papa. Chanzo cha ugomvi hakikuwa dini wala shamba. Kilikuwa mtoto. Kijana mmoja wa Wabikari, wenyeji wa huko, aliyekuwa akilelewa na wamisionari alichukuliwa na watu wa kwao, na mapadri wakataka arudishwe. Kwa misheni, mtoto alikuwa wao kwa sababu wao ndio waliokuwa wakimlea; kwa Wabikari, alikuwa wao kwa sababu alizaliwa kwao. Majina ya wale watatu yameandikwa katika historia ya Kanisa. Jina la mtoto halitajwi kisa kinaposimuliwa. Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa swali lililomwaga damu Rumonge ndilo linalotusumbua hadi leo katika pwani yote ya kaskazini-magharibi ya ziwa, kuanzia Uvira hadi Fizi: aliyemchukua mtoto mikononi mwake anamjibu nani? Hoja yangu ni kwamba hapa kwetu Kanisa na Leta, kama tunavyoiita Serikali huku, hawakushindwa kumlinda mtoto kwa bahati mbaya, kila mmoja kwa wakati wake. Walipeana mtoto kwa maandishi, na kupeana huko ndiko kulikofanya lawama isimkae yeyote kati yao.

Mapadri hao, walioitwa Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Ujiji mwezi Januari 1879. Aliyewatuma ni Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika lake mwaka 1868 baada ya njaa kubwa ya Algeria kumwachia mayatima wengi. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi yake ilisimama juu ya watoto. Tanganyika mpango ulikuwa uleule: kuwakomboa watoto wa kitumwa, kuwalea kituoni, kuwaozesha wao kwa wao wakikua, na kuwapa viwanja katika vijiji vya Kikristo kando ya misheni. Mwaka 1880 wakafungua Mulweba katika nchi ya Wamasanze, na mwaka 1883 wakafungua Kibanga, katika Fizi ya leo, wakaiita Lavigerieville. Sokoni Ujiji mtu alinunuliwa kwa shanga na kwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki. Doti moja ilikuwa mikono minane, na mkono ulipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Tukumbuke kipimo hicho: nguo ikitandazwa, mkono wa mfanyabiashara ukipita juu yake mara nane, na mtoto amesimama pembeni akisubiri hesabu iishe. Misheni nayo ililipa katika soko hilohilo. Lugha yetu inasema kwamba unakomboa kitu kilichowekwa rehani, na ukishakikomboa ni chako. Neno hilohilo ndilo tunalomwitia Mkombozi kanisani. Sidhani mapadri walikusudia hila yoyote katika neno hilo, lakini mtoto aliyekombolewa alikuwa na njia moja tu mbele yake, nayo ni ile ya misheni. Kurudi kwao hakukuwa sehemu ya mpango.

Leta ilifika baadaye, na ilifika na karatasi kabla ya kufika na askari. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mjini Brussels mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Siku kumi tu baadaye, tarehe 12 Julai, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilitoa amri iliyoifanya kuwa mlezi wa kisheria wa watoto waliookolewa katika misafara ya watumwa, wa mayatima, wa waliotelekezwa, na hata wa wale ambao wazazi wao walihesabiwa kuwa hawatimizi wajibu wa kuwatunza. Amri ya pili, ya tarehe 4 Machi 1892, ikayaruhusu mashirika ya dini na ya hisani kuwakusanya watoto hao katika makoloni yao ya kilimo na ya ufundi. Zisomwe pamoja. Ya kwanza inasema mtoto ni wa Leta; ya pili inasema Leta imempa Kanisa. Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji aliyekuwa na nguvu hadi Uvira, aliposhindwa mwanzoni mwa 1894 na askari wa Leta wakashika ukingo wa ziwa, sheria ilikuwa imekwisha kuwatangulia. Na tarehe 26 Mei 1906 Leopold akafanya mapatano na Vatikani: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Mtoto, shule na ardhi vikawa fungu moja.

Shida ya amri ya 1890 ilikuwa ndani ya neno yatima. Kwa Wavira, Wafuliiru na Wabembe, mtoto aliyefiwa na baba ana baba wadogo, ana mama wakubwa, ana wajomba. Anaweza kuwa maskini, anaweza kulala njaa, lakini asiye na mwenyewe ni nadra sana. Amri haikuwauliza hao. Ilitazama nyumba ya baba na mama peke yake, na isipowaona hao wawili kwa namna ilivyotaka kuwaona, mtoto aliandikwa yatima. Huyo ndiye ninayemwita yatima wa hati. Na hili si jambo linaloonekana leo tu. Mwaka 1905 Tume ya Uchunguzi iliyoundwa na Leopold mwenyewe, ya Janssens, Nisco na de Schumacher, ilichapisha ripoti yake. Ilipozungumzia mashamba ya misheni yaliyoitwa fermes-chapelles ilisema wazi kwamba wengi wa waliokaa huko hawakuwa mayatima wala vibarua wa mkataba. Waliombwa kwa machifu, na machifu hawakuthubutu kukataa. Ni kweli kwamba tume ilikuwa ikizungumzia hasa Wajesuiti wa Kwango, mbali na ziwa letu, na Wajesuiti waliikanusha. Lakini sheria ya ulezi ilikuwa moja kwa Kongo nzima. Aliyeandikwa yatima Kwango aliandikwa kwa kalamu ileile ambayo ingemwandika mtoto wa Uvira.

Hapa msomaji mwenye haki atanisimamisha. Je, ingekuwa afadhali watoto wale wabaki minyororoni? Nani angewapokea Kibanga, wakati mitumbwi ya watumwa ikivuka kwenda Ujiji na vijiji vikichomwa? Swali hili ni zito na sitaki kulikwepa. Wako waliookolewa kweli, na maisha yao yalizaa mema. Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni mbali huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta, alitibu watu Karema kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 1956. Lakini wema wa mlango wa kuingilia hauhalalishi kukosekana kwa mlango wa kutokea. Anayemtoa mtoto majini hapati haki ya kumficha wazazi wake. Na udhuru wa utumwa una mwisho wake. Misafara ya watumwa ilikwisha, ila ulezi wa hati haukukwisha. Ulihama tu, ukatafuta watoto wengine.

Watoto hao wengine walikuwa machotara, waliozaliwa na mama Waafrika na baba wazungu. Hawakuwa watumwa, hawakutelekezwa. Wengi walikuwa mgongoni mwa mama zao au kwa bibi zao. Ila serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliona damu yao ni hatari kwa heshima ya mzungu, ikatumia ulezi uleule kuwaondoa na kuwakabidhi kwa masista. Ng'ambo ya Mto Ruzizi, katika Rwanda-Urundi iliyounganishwa kiutawala na Kongo mwaka 1925, waliwekwa Save, karibu na Butare. Na kati ya 1958 na 1961 watoto wapatao 300 wa Save walisafirishwa kwenda Ubelgiji. Wengi walibadilishiwa majina, tarehe za kuzaliwa zikaguswa, na mahali pa jina la baba pakaandikwa kwamba hajulikani, wakati mkuu wa wilaya alimjua vizuri. Kule Kasai, wasichana watano waliochukuliwa kati ya 1948 na 1953, kila mmoja hajafikisha miaka saba, walipelekwa misheni ya Katende. Uhuru ulipokuja na vita vikafuata, wakubwa waliondoka na wasichana wakaachwa mikononi mwa wanamgambo. Hao watano, wakiwa bibi wa miaka zaidi ya sabini, waliishtaki Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwateka watoto kwa sababu ya rangi ya wazazi wao kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, jinai isiyofutwa na miaka, ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000.

Waliowatetea wakubwa wa zamani walisema, na mahakama ya kwanza ilikubali, kwamba jambo hilo halikuwa kosa katika sheria ya wakati ule. Mahakama ya Rufaa ilijibu kwa kanuni za Nuremberg, zilizothibitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1946, miaka miwili kabla ya mtoto wa kwanza kati ya hao kuchukuliwa. Mimi naongeza jibu lililo karibu zaidi. Ubelgiji ilikuwa na sheria yake ya kulinda watoto tangu tarehe 15 Mei 1912. Kwa sheria hiyo, mzazi wa Liège au wa Ghent hakunyang'anywa mamlaka juu ya mwanawe bila kupita mbele ya hakimu. Huku kwetu sahihi ya mtawala ilitosha. Waliotawala hawakukosa kujua mtoto hulindwa vipi. Walijua, na ujuzi huo wakauacha kwao.

Lakini hukumu hiyo ya Brussels, pamoja na ukubwa wake, ilimshika mlezi mmoja tu. Iliyoshtakiwa ni Leta ya Ubelgiji. Kanisa halikuwa kizimbani. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017, Waziri Mkuu Charles Michel akafuata bungeni tarehe 4 Aprili 2019, na kwa Kanisa mambo yakaishia hapo. Sasa tazama kinyume chake, ndani ya Kivu Kusini yetu. Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, tangu 2013 wasichana wadogo, wengine wachanga kabisa, walichukuliwa usiku vitandani mwao na kubakwa. Ni mwaka 2016 ndipo watuhumiwa wakuu walipokamatwa. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanamgambo waliojiita Jeshi la Yesu na kiongozi wao Frederic Batumike, aliyekuwa mbunge wa jimbo, kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Ilikuwa siku kubwa kwa wazazi wale. Ila ombi lao kwamba Leta nayo iwajibike kwa kutowalinda watoto lilikataliwa. Jeshi lile halikuwa Kanisa, nalisema waziwazi. Lilijipamba tu kwa jina la dini. Ninachokitazama ni umbo la hukumu hizi mbili. Brussels ilimshika mwenye hati ikamwacha mwenye nyumba. Kavumu ilimshika mtenda ikamwacha aliyepaswa kulinda. Daima yuko mmoja anayebaki nje.

Na hili linahusu madarasa ya watoto wetu ya leo. Kwa mkataba wa 26 Februari 1977, Leta na makanisa waligawana shule: Leta inalipa walimu na kukagua, makanisa yanaendesha. Ndizo shule za konvensheni, na shule nyingi sana nchini, za Uvira zikiwamo, ziko chini ya mpango huo. Zimesomesha vizazi, na miaka ambayo Leta ilikuwa imeporomoka, bila makanisa shule nyingi zingekufa. Lakini mtoto akiumizwa ndani ya shule ya namna hiyo, mzazi anamshtaki nani? Mwalimu analipwa na mmoja na kusimamiwa na mwingine. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 imeandika haki nzuri, na inaadhibu hata kumsingizia mtoto uchawi, jambo linalochochewa katika vyumba vya maombi kadhaa. Kinachohitajika juu ya hayo ni kanuni moja ya kueleweka: walezi wawili wakigawana mtoto, kila mmoja anadaiwa deni lote, si nusu yake, na wao wakatafutane baadaye.

Wapo watakaosema kwamba kufukua ya Kibanga na Save ni kuliumiza Kanisa linalowapokea leo watoto waliotoka vitani na wasiokuwa na pa kulala. Nawaelewa, na masista wanaofanya kazi hiyo ninawaheshimu. Lakini Kanisa hilo lina kitu ambacho Leta ya Kongo haina: vitabu. Lavigerie aliamuru kila kituo kiandike shajara ya siku kwa siku, na misheni ziliandika ubatizo, ndoa na vifo kwa mkono wa uangalifu. Ubelgiji, baada ya azimio la bunge lake la 2018, imeanza kufungua nyaraka za machotara ili watu wapate majina ya mama zao. Jimbo Katoliki la Uvira, lililoundwa mwaka 1962, na mashirika yaliyolitangulia yanaweza kufanya hivyo bila kusubiri hakimu: nakala za rejista za Mulweba na Kibanga ziletwe Uvira, zisomwe kwa Kiswahili, na mjukuu kutoka Fizi aruhusiwe kuweka kidole kwenye mstari na kuuliza babu yake alichukuliwa kijiji gani, na kwa doti ngapi.