Utitiri Uliokuja na Okidi

Kwetu sumu ya wadudu huitwa dawa. Mamangu alifanya kazi katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha, na jioni alipofika mlangoni alituambia, "Msinishike bado, leo tumepiga dawa." Tulisubiri aoge ndipo tumkimbilie. Kikohozi chake kilitangulia kufika nyumbani kabla yake.

Miaka mingi baadaye, nikisoma historia ya kilimo chuoni, nilikutana na watu waliojaribu kuiacha dawa hiyo kabla mama hajazaliwa.

Mwaka 1926, mkulima mmoja wa nyanya Uingereza aliona jambo geni katika kitalu chake cha vioo. Makinda ya inzi weupe, ambayo kwa kawaida huwa meupe, baadhi yalikuwa meusi. Yalipofikishwa kwa mtaalamu E. R. Speyer katika kituo cha utafiti cha Cheshunt, ikabainika kwamba ndani yake mlikuwa na nyigu mdogo, Encarsia formosa, asiyefika hata milimita moja. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kinda la inzi, na mtoto wake humla mwenyeji wake kutoka ndani. Speyer alianza kuwazalisha, na katika miaka ya 1930 kituo kiliwagawa kwa mamia ya wakulima.

Kisha ikaja DDT. Ilikuwa rahisi, iliua upesi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakulima hawakuona haja ya kufuga nyigu. Kazi ya Cheshunt ikasimama.

Lakini utitiri mwekundu haukusimama. Kiumbe huyu, jamaa wa buibui, hufyonza majani na kuyafunika kwa utando. Kukiwa na joto, kizazi kipya hukomaa kwa wiki moja hivi. Dawa iliua walio dhaifu na kuwaacha sugu wazaliane, tena iliwaua maadui wao wa asili. Kadiri wakulima walivyopuliza, ndivyo walivyozidi kuulinda.

Msaada ulifika kwa bahati. Mwaka 1958, katika maua ya okidi yaliyopelekwa Ujerumani kutoka Chile, ulionekana utitiri mwingine, wa rangi ya chungwa na wenye mbio: Phytoseiulus persimilis. Hauna macho. Huwinda kwa kufuata harufu, ikiwemo ile ambayo mmea wenyewe huitoa ukishambuliwa. Chakula chake ni utitiri mharibifu. Ukiumaliza, nao hufa njaa au huhama.

Uholanzi, mkulima wa matango aitwaye Jan Koppert, ambaye viuatilifu vilikuwa vikimdhuru, alianza kuuzalisha, na mwaka 1967 akaanzisha biashara ya kuuza wadudu wa aina hii.

Hapo ndipo niliweka kitabu chini. Koppert alikuwa mwenye shamba na pia mvutaji wa hewa ile. Aliumwa, akaamua. Mamangu aliumwa pia, ila uamuzi haukuwa wake.

Siku moja, nikiwa shule ya upili, alirudi akicheka. Walikuwa wamepewa chupa ndogo wazinyunyize juu ya waridi taratibu, kama mtu anayetia chumvi. "Eti humo ndani mna askari," alisema. Utitiri ule wa okidi ulikuwa umefika Naivasha.

Dawa haikwisha. Ukungu wa majani bado ulipulizwa, na askari wale wakiachiliwa kwa kuchelewa hushindwa na wingi wa adui. Hata hivyo siku za kupuliza zilipungua, na zile siku nyingine tulimkumbatia mlangoni.

Nilipomsomea habari ya Koppert, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo walijua tangu wakati huo?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Walijua.