Kumiliki na Kurusha: Ndege ya Airbus A220-300 katika Mashirika Matatu, 2016–2025

Historia ya mashirika ya ndege huandikwa mara nyingi kwa kufuata tarehe za ununuzi: ndege imeagizwa, imepokewa, imeanza safari. Utaratibu huo una manufaa, lakini huacha pengo kubwa, kwani ndege iliyopokewa inaweza kukaa ardhini kwa miezi mingi huku ikiendelea kuhesabika kuwa mali ya shirika. Insha hii inachunguza pengo hilo kwa kulinganisha mashirika matatu yaliyotumia ndege ya aina moja, Airbus A220-300: airBaltic ya Latvia, EgyptAir ya Misri na Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL). Hoja kuu ni kwamba urukaji wa ndege hiyo uliamuliwa kwa kiasi kikubwa na mambo mawili ambayo orodha za ununuzi hazioneshi, yaani upatikanaji wa injini na hadhi ya mmiliki mbele ya sheria.

Ndege yenyewe ilibuniwa na kampuni ya Bombardier ya Kanada, iliyouzindua mradi huo mwaka 2008 kwa jina la CSeries. Lengo lilikuwa soko la ndege za abiria kati ya 100 na 150, kwa safari fupi na za kati. Gharama za mradi ziliielemea Bombardier, na tarehe 1 Julai 2018 Airbus ilichukua hisa za kutosha kuudhibiti. Siku chache baadaye ndege hiyo ikaitwa A220. Kufikia wakati huo airBaltic ilikuwa imekwisha kurusha toleo kubwa la ndege hiyo tangu Desemba 2016, ikiwa shirika la kwanza duniani kufanya hivyo.

Sifa iliyoivutia sokoni ilikuwa injini ya PW1500G ya kampuni ya Pratt & Whitney. Ndani yake mna gia inayoiwezesha feni ya mbele kuzunguka taratibu kuliko tabo inayoiendesha, hivyo mafuta na kelele hupungua. Hata hivyo, A220 haina injini mbadala. Shirika linalonunua A320neo huchagua kati ya watengenezaji wawili wa injini. Linalonunua A220 hujifunga kwa mmoja. Dalili za udhaifu zilijitokeza mapema: Oktoba 2019 shirika la Swiss lilisimamisha ndege zake zote za aina hiyo ili zikaguliwe, baada ya injini kadhaa kuharibika angani. Katika miaka iliyofuata injini zililazimika kutolewa mapema kuliko ilivyotarajiwa, na karakana zenye uwezo wa kuzitengeneza zikaelemewa na foleni.

Mashirika hayakuikabili foleni hiyo kwa njia moja. Tangu mwaka 2020 airBaltic haikuwa na aina nyingine ya ndege, hivyo ilikodi ndege za wengine pamoja na marubani wao, na Januari 2025 ikatangaza kufuta zaidi ya safari 4,000 za msimu wa kiangazi. EgyptAir, iliyoanza kupokea ndege zake 12 mwaka 2019, iliamua kuachana nazo: mwaka 2024 zote ziliingia katika mkataba wa kuuzwa kwa kampuni ya ukodishaji ya Azorra. Mashirika yote mawili yalipata hasara, lakini kila moja lilikuwa na njia ya kuendelea kuruka, la kwanza kwa kukodi, la pili kwa kutegemea ndege nyingine ilizokuwa nazo.

ATCL ilikuwa katika hali finyu zaidi. Ndege yake ya kwanza ya aina hiyo, yenye viti 132, ilipokewa Dar es Salaam Desemba 2018, na ATCL ikawa shirika la kwanza la Afrika kurusha A220-300. Kufikia Oktoba 2021 zilikuwa nne. Novemba 2022 matatizo ya injini yalisababisha ndege hizo kusimamishwa, na kampuni yenye ndege chache ikalazimika kupunguza safari.

Hapo ndipo jambo la pili linapojitokeza. Ndege hizo si mali ya ATCL; ni za serikali, kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, na kampuni huzikodi. Utaratibu huo uliwezesha ununuzi ambao mizania ya kampuni isingeumudu. Lakini pia uliziweka ndege mahali ambapo wadai wa serikali wangeweza kuzifikia. Agosti 2019 moja ilizuiwa Johannesburg kwa dai la fidia ya mali iliyotaifishwa miaka ya 1980, ikaachiwa na mahakama mwezi uliofuata. Mwishoni mwa 2022 nyingine ilizuiwa Uholanzi, ilikopelekwa kwa matengenezo, kwa dai la kampuni ya Sweden kuhusu mradi wa sukari wa Bagamoyo. Katika tukio hilo mambo yote mawili yalikutana: upungufu wa karakana uliipeleka ndege nje, na hadhi ya mmiliki ikaizuia huko.

Ulinganisho huu unaonesha kwamba umiliki wa dola peke yake hautoshi kueleza tofauti, kwa kuwa serikali zilikuwa na hisa kubwa katika mashirika yote matatu. Kilichotofautiana ni nafasi ya kila shirika kuhimili ndege iliyosimama, na jina lililoandikwa katika hati ya umiliki. Mtafiti wa usafiri wa anga barani Afrika anayeishia kwenye sherehe za mapokezi ataandika historia ya kumiliki. Historia ya kurusha inapatikana katika kumbukumbu za karakana, mikataba ya ukodishaji na majalada ya mahakama, na huko ndiko abiria aliyeachwa uwanjani anakoweza kupata jibu la swali lake.