Mtu Aliyepanda Tai

Mhuri unaujua: ule wa ofisini, ambao bila huo barua yako ni karatasi tu. Sasa sikia ya watu wa Mesopotamia, Iraki ya leo, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mihuri yao ilikuwa vijiwe vya mviringo, kiasi cha kipande cha chaki, vimetobolewa katikati kupitisha uzi. Mtu akishaziba mtungi au mlango wa ghala kwa udongo mbichi, anabiringisha kijiwe chake juu ya udongo ule na picha inatoka. Mchongaji ilimbidi achonge kinyumenyume ili itoke sawasawa. Si mchezo!

Iliyoniteka mimi ni ya enzi ya Akadi, karne ya 23 KK hivi. Mtu amekaa juu ya tai, anapaa. Chini yupo mchungaji na mifugo yake, na mbwa wawili wameinua vichwa wanamwangalia anavyokwenda. Wataalamu wengi wanasema huyo ni Etana, mfalme wa Kish. Orodha ya Wafalme wa Sumeri inamtaja kuwa mchungaji aliyepaa mbinguni, tena eti alitawala miaka 1,560. Haya, tuendelee.

Hadithi yenyewe ni hivi. Tai na nyoka walikula kiapo cha urafiki, kisha tai akala watoto wa mwenzake. Nyoka akajificha ndani ya mzoga wa fahali, tai alipokuja kula akamkamata, akamnyonyoa, akamtupa shimoni. Etana naye hana mtoto. Shamashi, mungu wa jua, anamwelekeza shimoni. Anamlisha tai mpaka anapona, na tai anambeba kwenda kutafuta mche wa uzazi.

Sasa, vibao vya zamani kabisa tulivyonavyo vyenye hadithi hii viliandikwa karne kadhaa baada ya mihuri ile! Hapo ndipo niliposhtuka. Wapo wenzangu, tunaosomeana miswada jioni, wanaoshikilia kwamba hadithi si fasihi mpaka iandikwe. Kwani yule mchongaji aliisoma wapi? Aliisikia, nadhani, tena alijua wateja wake wameisikia, maana kwenye picha hakuna neno la kuwaeleza. Na angalia alivyochagua: kaacha ugomvi, kaacha shimo, kachukua ile dakika ya kupaa. Halafu akaweka mbwa. Mimi ningeandika kurasa kumi na mbwa nisingewakumbuka.

Katika vibao, Etana anatazama chini mpaka nchi na bahari vinapotea machoni, anaogopa, anaomba warudi. Sehemu ya mwisho imevunjika. Orodha inamtaja Balih, mwanawe, kuwa ndiye aliyetawala baada yake, kwa hiyo mtoto alipatikana. Lakini kwenye mhuri bado yuko hewani, na mbwa hawajashusha vichwa.