Kwa Nini Wavulana Peke Yao Waliimba Kamina

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Mtakatifu Bavo mjini Kamina, Kongo ya Kibelgiji, iliimbwa kwa mara ya kwanza misa ambayo baadaye ilijulikana duniani kwa jina la Missa Luba. Waimbaji walikuwa wavulana wapatao 45, wa umri wa kati ya miaka 9 na 14, pamoja na walimu wao wapatao 15. Aliyewaongoza ni Guido Haazen, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, na miongoni mwa sauti zilizowatangulia wengine ilikuwamo ya mwalimu Joachim Ngoi. Kundi liliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, na mwaka huohuo lilizunguka Ulaya na kuimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Atazamaye picha za kundi hilo hawezi kukwepa swali moja: wasichana wako wapi? Jibu la haraka ni kwamba ndivyo mila ilivyokuwa. Mimi naona jibu hilo si la kweli. Mila ya Waluba, wenyeji wa eneo hilo, haikumfungia mwanamke mlango wa wimbo wala wa kumbukumbu. Mlango ulifungwa na taratibu zilizoletwa na misheni na shule ya kikoloni, kisha kwaya yenyewe ikawazoesha watoto wa Kamina kuuona umefungwa tangu zamani.

Tuanze na waliokuwepo kabla ya kwaya. Himaya ya Waluba ilikuwa na chama cha mbudye, ambacho watu wake walikuwa walinzi wa historia ya ufalme. Walicheza ngoma, waliimba, walisimulia safari ya mwindaji Mbidi Kiluwe na vita vya mwanawe Kalala Ilunga dhidi ya mjomba wake Nkongolo Mwamba. Waliohitimu ngazi za juu walisoma lukasa, ubao mdogo wa kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga na makombe, kila ushanga ukiwa na jambo la kukumbusha: mfalme fulani, safari fulani, mahali patakatifu. Chama hiki kilipokea wanaume na wanawake, na asili yake ilihusishwa na roho ya kike iliyoitwa Lolo Inang'ombe. Heshima haikuishia hapo. Mfalme alipokufa, roho yake iliaminiwa kumwingia mwanamke aliyeitwa mwadi, akakaa katika makao ya marehemu, akarithi alama za enzi yake, na mfalme mpya akampelekea zawadi. Ndiyo maana viti na fimbo za kifalme za Waluba zimechongwa umbo la mwanamke. Katika mpangilio wa namna hiyo, mtoto wa kike aliyekua karibu na wachezaji wa mbudye alikuwa na mbele yake mifano ya wanawake wanaoimba, wanaokumbuka na wanaosikilizwa.

Sasa tutazame Missa Luba imetengenezwa kwa malighafi gani. Sehemu yake ya Kyrie imeundwa kwa mtindo wa kasala, utungo wa kilio na sifa, na ile ya Sanctus imetokana na wimbo wa kuagana. Kilio cha msiba ni mahali ambapo sauti ya mwanamke ina nafasi yake, katika maeneo ya Kasai na Katanga huko Kongo kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Yaani kwaya ilichukua sauti kutoka uwanja ambao kina mama walikuwa wenyeji wake, ikawapa watoto wa kiume waziimbe. Sababu imeandikwa wazi, na haikuandikwa Kamina. Mwaka 1903 Papa Pius X alitoa waraka kuhusu muziki wa kanisa, akieleza kwamba mwimbaji wa kwaya ana huduma halisi ya liturujia, kwa hiyo wanawake hawawezi kuwa sehemu ya kwaya, na sauti za juu zichukuliwe na wavulana. Desemba 1955 Papa Pius XII alilegeza kamba kidogo: pasipokuwa na wavulana wa kutosha, wanawake na wasichana waliruhusiwa kuimba, lakini nje ya patakatifu na wakiwa wametengwa kabisa na wanaume. Kamina ilikuwa na wavulana wa kutosha, kwa sababu shule ilikuwa yao.

Na shule ilikuwa yao kwa sababu zinazoonekana relini. Njia ya reli ya kampuni ya BCK ilikamilika kutoka Bukama kupitia Kamina hadi Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka 1928, na tawi la kutoka Kamina kwenda Kabalo likafunguliwa 1956. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji wakajenga pia kambi kubwa ya kijeshi karibu na mji. Mji wa makutano ya reli ulihitaji makarani, mafundi na walimu, na serikali pamoja na misheni waliwaandaa wavulana kwa kazi hizo. Msichana alipofundishwa, mara nyingi ilikuwa kushona, kupika na kulea, awe mke wa mfanyakazi aliyetulia. Kwaya ilipotoka ndani ya shule, ilirithi orodha ya shule. Hapa ndipo pa kutilia mkazo: kundi la wapenda muziki humfundisha mtoto nyimbo, na papo hapo humfundisha nani husimama mbele na nani hukaa akasikiliza. Kwa kulinganisha, Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, ambamo wanawake walikuwa na vyeo vyao, wakashindana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Binti aliyekulia humo alijifunza kuongoza, kuchangisha na kujibu mapigo ya wapinzani. Binti wa Kamina mwaka 1958 alifundishwa somo tofauti na shule iliyo mtaani kwake.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni la wanamuziki: sauti ya mvulana ina wepesi wake, na huenda padri aliitaka sauti hiyo tu. Nakubali kwamba ni nzuri. Yeyote aliyesikia Sanctus anajua. Lakini kuipenda sauti ya mvulana ni ladha iliyopikwa na karne nyingi za kanisa la Ulaya, na ladha hiyo pia ni sehemu ya historia ninayoieleza. La pili ni zito zaidi: tusipambe zamani. Wafalme wa Waluba walikuwa wanaume, na mwanamke aliyechongwa kwenye kiti amebeba mamlaka ya mwingine. Ni kweli, na sidai kwamba palikuwa na usawa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho na kina ushahidi: katika kazi mahususi ya kuimba na kutunza kumbukumbu, wanawake walikuwa ndani ya duara. Mtu anaweza kunyimwa kiti cha enzi akabaki na sauti yake hadharani. Kilichobadilika Kamina ni hicho cha pili.

Wapenzi wa muziki wa Missa Luba waliposambaa duniani, picha ya wavulana ilisafiri nao. Pier Paolo Pasolini aliutumia katika filamu yake ya Injili ya Mathayo, 1964. Lindsay Anderson akaiweka Sanctus katika filamu ya If...., 1968, inayosimulia maisha ya shule ya bweni ya wavulana Uingereza. Wimbo wa kuagana wa Waluba ukawa sauti ya vijana wa kiume wa Kiingereza wanaoasi, na santuri yake ikauzwa sana huko. Ilipofika 1990 kwaya ya taifa ya Muungano kutoka Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikairekodi misa hiyohiyo wanaume na wanawake wakiimba pamoja. Misa ni ileile, na kilio cha Kyrie kimerudi katika vinywa vya kina mama.