Unataka kutoa redio ya kiwandani kwa Toyota yako ya zamani? Soma hii kabla fundi akate waya

Probox, Fielder, Premio, Vitz. Gari nyingi za hizi zilitoka Japani na redio inaongea Kijapani na inashika FM ya 76 hadi 90 pekee. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndio maana unapata mbili tatu, zingine zote ni kelele.

Wasee wengi huwekewa ekspanda, kale kadude kanakaa kati ya waya ya eriali na redio. Kanashusha masafa, kwa hivyo stesheni ya 100.3 unaweza kuipata ukiwa 80.3. Inasaidia, lakini Bluetooth bado huna. Siku moja utataka kuitoa hiyo redio yote.

Kuitoa si noma. Noma ni vile inatolewa.

Kwanza cheki kama redio yako ni ile ya ramani. Zingine za Toyota ukitoa betri zinajifunga na kuitisha kodi, na pale kwa skrini unaona ERC. Kama bado unaitaka, au unapanga kuiuza, tafuta kodi kwanza. Ukikosa, utabaki na skrini ya kupamba dashbodi.

Gari ikiwa ya otomatiki, egesha mahali tambarare, vuta handibreki, kisha shusha gia ndio paneli ipate nafasi ya kutoka. Fanya hivyo kabla ya kugusa betri. Halafu fungua waya ya negativu na ungoje angalau sekunde 90, juu ya eabegi. Usiruke hii.

Paneli iliyozunguka redio mara nyingi imeshikwa na klipu tu. Anza chini au pembeni ukitumia kitu bapa cha plastiki, au bisibisi umeifunga na kitambaa, kisha vuta na vidole polepole. Utasikia "ta! ta!" Hizo ni klipu zinaachilia, usishtuke. Lakini plastiki ya miaka 15 imekauka na jua, na asubuhi ya baridi inavunjika haraka. Ngoja gari ipate joto kidogo. Ikigoma kabisa, kuna skrubu hujaiona. Wacha kulazimisha. Swichi ya hazadi huwa imeshikana na paneli, so chomoa plagi yake kabla hujavuta mbali.

Ndani utapata bolti nne za namba 10, mbili kila upande. Weka kitambaa chini, juu ikianguka ndani ya dashbodi utaitafuta hadi jioni. Vuta redio, bonyeza vile vidude vya plagi, toa. Zile chuma za pembeni zitunze, redio mpya itazihitaji.

Sasa hapa ndipo pesa huumia. Kuna mafundi wakiona plagi ya Toyota wanaikata tu na kuunganisha waya na tepu. Kataa. Adapta ya plagi unaipata Kirinyaga Road, inaingia upande mmoja kwa gari, mwingine kwa redio, na redio ya zamani inaweza kurudi siku yoyote.

Pia usikubali mtu aunganishe kwa kufuata rangi. Redio mpya iko na njano ya stima ya kila saa, nyekundu ya ufunguo na nyeusi ya bodi. Kwa Toyota nyingi hizo kazi tatu ziko kwa buluu yenye mstari wa njano, kijivu na kahawia. Zikibadilishwa, redio inasahau stesheni kila ukizima gari. Njano na nyekundu zikifungwa pamoja kwa stima ya kila saa, redio inaweza kunyonya betri usiku kucha, na asubuhi unaomba watu wakusukume. Waya za spika nazo usizifunge kwa bodi ya gari, utachoma redio mpya siku ya kwanza.

Kuhusu saizi: redio ya kawaida ina upana wa milimita 180, shimo la Toyota ni 200. Itisha fremu ya kuziba pembeni, la sivyo utakuwa na mwanya kila upande.

Rudisha betri, jaribu spika moja moja, halafu hazadi na AC, paneli ikiwa bado nje. Ukishaigonga irudi ndio ugundue hazadi haiwaki, unaanza tena na zile klipu.