Waliongoja Ardhi Iseme

Hakuna kitu tunachokiamini kuliko ardhi. Twajenga juu yake na kuwazika wapenzi wetu ndani yake, tukidhani imetulia. Waliotufunulia kwamba haitulii hawakuwa wote watu wa serikali wala wa vyuo vikuu. Baadhi yao waliweka vipimatetemeko majumbani mwao, wakangoja. Nimesoma habari zao kwa muda mrefu, nami naona tuna deni kwao.

John Milne, Mwingereza, alifika Japani mwaka 1876 kufundisha mambo ya madini na jiolojia. Tetemeko la Yokohama la Februari 1880 lilimsukuma yeye na wenzake kuanzisha chama cha kuchunguza matetemeko na kubuni mitambo ya kuyapima. Mwaka 1889 mtambo wa Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz, uliokuwa Ujerumani, ulinasa tetemeko lililotokea Japani. Kumbe ardhi ikipigwa upande mmoja, upande wa pili husikia! Mwaka 1895 moto uliteketeza nyumba ya Milne pamoja na vitabu vyake. Alirudi Uingereza na mkewe Mjapani, Tone, wakakaa Shide katika kisiwa cha Wight. Nyumba hiyo akaigeuza kituo, akipokea vipimo kutoka pembe nyingi za dunia mpaka alipofariki mwaka 1913.

Aliyeuboresha mtambo wake hakuwa profesa. J. J. Shaw alikuwa mwenye duka la rehani mjini West Bromwich. Mchana alipokea mali za wenye shida. Matetemeko aliyafuatilia kwa mapenzi yake mwenyewe. Mtambo wa Milne-Shaw, uliokuza mtikisiko zaidi ya mara 200, ulitumika katika vituo vya nchi nyingi.

Mimi nami nimeunda kimoja kwa fito ya chuma, uzito wa risasi, sumaku na waya wa shaba. Siri yake ni ile ya mlango ambao bawaba zake zimeinama kidogo: ukiusukuma, hurudi polepole mahali pake. Ardhi ikitikisika, nguzo huenda nayo, lakini uzito huchelewa. Tofauti hiyo ndiyo inayoandikwa. Kibati cha shaba kilichopita katikati ya sumaku huuzuia uzito usiendelee kuyumba ovyo. Wimbi la kwanza hufika upesi, la pili hufuata. Kwa tetemeko la karibu, kila sekunde baina yao ni kama kilomita 8. Hata hivyo kituo kimoja hunipa umbali tu. Ili kujua mahali kwa njia hiyo vinahitajika vituo 3. Ndiyo maana Milne aliwaandikia watu wa mbali: peke yake asingeweza.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa lilitikisa nchi ya Rukwa, katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Karatasi zilizotunzwa katika vituo vya mbali ziliwawezesha wataalamu wa baadaye kukadiria ukubwa wake kuwa 7.4 hivi, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Sehemu ya historia ya ardhi yetu, basi, iliandikwa ugenini na watu wasiotujua.

Msomaji ataniuliza: je, mtambo huu hutabiri? La, hautabiri. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi, wala hakuna kipimatetemeko ambacho kingeweza kutaja siku yake. Lakini kumbukumbu zikikusanywa miaka mingi, huonyesha ni wapi ardhi hutikisika mara kwa mara, na hapo fundi hujua pa kutia nondo na kufunga kuta vyema. Siku hizi vipo vipimatetemeko vidogo vinavyotosha juu ya meza na kutuma habari kwa intaneti. Laiti kila shule iliyo kando ya Bonde la Ufa ingekuwa nacho kimoja, na mwanafunzi wa kukitazama kila asubuhi.