Vimeng'enya vinavyolizuia donda ndugu kupona

Jeraha la kawaida la ngozi hufunga katika muda wa wiki chache. Kidonda cha mguuni cha mwenye kisukari ambacho hakijapungua hata kwa nusu baada ya wiki nne za matibabu huwatia madaktari wasiwasi, kwani kinaweza kuishia katika kukatwa mguu. Waswahili hukiita donda ndugu, jina ambalo huandikwa pia katika habari za ufisadi.

Si kwamba mwili umeacha kujenga ngozi. Tatizo ni kwamba unabomoa kwa kasi zaidi. Wabomoaji ni vimeng'enya viitwavyo metaloproteinezi, ambavyo hutegemea madini ya zinki na hukatakata kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Cha kwanza kilielezwa mwaka wa 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière nchini Marekani, walipochunguza jinsi mkia wa kiluwiluwi unavyoyeyuka anapogeuka chura.

Katika jeraha changa, vimeng'enya hivi ni vya lazima. Huondoa tishu iliyoharibika na kuzifungulia njia seli mpya zinazosogea kutoka ukingoni. Baada ya siku chache hupungua, kwa kuwa mwili hutoa protini nyingine za kuvidhibiti.

Katika donda ndugu mizani hiyo huvurugika. Bakteria, uhaba wa damu na uzani wa mwili unaokandamiza unyayo uliokufa ganzi huendelea kuziita chembechembe nyeupe za damu, nazo humimina vimeng'enya zaidi, ikiwemo elastezi, ambayo huharibu hata zile protini za kuvidhibiti. Vichocheo vinavyoziamuru seli zizaane navyo hukatwa. Kinachojengwa asubuhi hubomolewa jioni.

Kwa sababu hiyo, matibabu huanza kwa kuondoa kinachowasha moto huo: kukwangua tishu iliyokufa, kutibu maambukizi, kudhibiti sukari, kufungua mishipa iliyoziba na kuupunguzia mguu uzani kwa plasta au kiatu maalumu. Unga wa antibiotiki unaonyunyiziwa kidondani haurudishi damu mguuni wala hauondoi uzani huo.

Zipo pia bandeji za kolajeni, ambazo huvipa vimeng'enya kitu kingine cha kutafuna. Nyingine hutiwa sukrosi oktasulfeti, kemikali itokanayo na sukari ambayo huvipunguzia makali. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 uliwahusisha wagonjwa 240 wa kisukari katika nchi tano za Ulaya, wote wakiwa na vidonda vya mguu vilivyopungukiwa na damu. Baada ya wiki 20, vidonda vilikuwa vimefunga kwa asilimia 48 ya waliotumia bandeji hiyo, ikilinganishwa na asilimia 30 ya waliofungwa bandeji isiyo na kemikali hiyo. Wenye vidonda vilivyoambukizwa hawakushirikishwa.